Nilipewa WD: Netiboli na Ugeni Wangu Mtwara

Netiboli haimruhusu mtu kukimbia na mpira. Ukiudaka una sekunde tatu; zikipita hujauachia, filimbi inalia na mpira unakwenda kwa wapinzani. Hakuna kuudundadunda kama wa kikapu, wala kuukumbatia ukisubiri mambo yatulie. Huwezi pia kuutuma kutoka nyuma hadi kwa mfungaji kwa mkupuo mmoja, maana kiwanja kimegawanywa theluthi tatu na mpira haupaswi kuruka theluthi nzima bila kuguswa. Wachezaji ni saba, kila mmoja na herufi zake kifuani na mpaka wake wa kukanyaga. GS na GA peke yao ndio wanaofunga. C, mchezaji wa katikati, anazunguka kiwanja karibu chote, ila maduara ya kufungia haingii. Mimi nacheza WD, mlinzi wa pembeni. Kazi yangu ni kumnyima raha WA, mshambuliaji wa pembeni wa upande wa pili, na duara silikanyagi hata iweje.

Sheria hizo nilizijua tangu nikiwa mtoto wa shule Muleba, mkoani Kagera, tukicheza pekupeku tukijiandaa kwa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Lakini sikujua zina uzito gani mpaka nilipohamia Mtwara. Kila mwaka vijana wanapangiwa vituo vya kazi mbali na kwao. Wanapewa barua, wanaripoti, wanaonyeshwa dawati. Watapataje watu wa kuishi nao, hilo halimo kwenye barua. Ndilo ninalotaka kulisema hapa.

Nilifika Mtwara mwaka 2015 nikiwa mwalimu mpya. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400, halafu unaanza upya: Mbagala, Kibiti, Daraja la Mkapa pale Rufiji, Somanga, Nangurukuru, Lindi, Mikindani. Wenyeji waliniambia nimshukuru Mungu, kwa sababu kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003 watu walikuwa wanavuka kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakichachamaa safari ya Dar ilikuwa haina siku ya kufika.

Kilichonishangaza kwanza ni jua. Mtwara iko mashariki kabisa ya nchi, na Bukoba iko magharibi, lakini saa ni zile zile. Mwezi wa sita jua la Mtwara linazama kama saa kumi na mbili na dakika chache. Bukoba wakati huo bado kweupe, linazama karibu saa moja. Kwa hiyo jioni yangu ilikuwa imekatwa karibu saa nzima. Natoka shule, napika, naona giza limeshaingia, nafunga mlango. Nyumbani tungekuwa bado tumekaa nje, mtu anamenya ndizi, mwingine anapita kusalimia.

Wala sitaki mtu adhani nilinyanyapaliwa. Watu wa Mtwara wana salamu, na wana mkono wa kutoa. Bibi mwenye nyumba wangu pale Chikongola alikuwa hapiki bila kunikumbuka. Ni yeye aliyenionjesha ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa mitaani, na kisamvu cha nazi ambacho mpaka leo sijakipata chenye ladha ile. Nikitoka na ndoo, mtoto anaipokea. Nikikaa barazani, napewa kiti na wao wanabaki kwenye mkeka. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe. Mgeni anapewa kiti, lakini mgeni hatumwi dukani. Hapigiwi hodi usiku mtoto akiumwa. Kukiwa na msiba anaambiwa "pole na safari ya kazini, Mwalimu, sisi tunakwenda mazikoni," kwa heshima kabisa, na anaachwa apumzike. Nilipumzika mno.

Mpira wa miguu ulinisaidia kidogo. Ndanda, timu ya Mtwara, ilikuwa Ligi Kuu, ilipanda mwaka 2014, na Simba au Yanga wakija Nangwanda Sijaona mji mzima unahamia uwanjani. Nilikwenda, nikapiga kelele za "Kuchele!" mpaka sauti ikakauka, nikakumbatiwa na watu nisiowajua. Ile ilikuwa furaha ya kweli na naiheshimu. Ila filimbi ya mwisho ikilia kila mtu anarudi kwenye baraza lake, na mimi kwangu lilikuwa halipo la kurudi.

Aliyeniingiza kwenye netiboli ni muuguzi wa hospitali ya Ligula, jirani yangu wa nyumba ya pili. Hakuja kunionea huruma, na namshukuru kwa hilo kuliko yote. Alikuja na shida. "Mwalimu," aliniambia kutoka dirishani, "mtu mrefu hivyo saa kumi na nusu umelala ndani unafanya nini? WD wetu kaenda Newala kwao, Jumamosi tuna mechi. Vaa raba twende."

Kiwanja kilikuwa pembeni ya uwanja wa mpira wa chuo kimoja, upande ambao wanaume hawauhitaji. Nguzo mbili za bomba la maji, pete bila wavu, mistari imechorwa kwa majivu. Udongo wa Mtwara ni wa kichanga. Ukidaka mpira na kusimama ghafla, mguu unateleza nusu hatua, na refa mkali anakuhesabia umetembea na mpira. Waliozaliwa pale wanajua kuukita mguu kwa kisigino. Mimi nilifundishwa.

Wachezaji wenyewe walikuwa mchanganyiko ambao usingeupata mahali pengine pale mjini. Muuguzi, mama ntilie wa soko kuu, askari magereza, mhudumu wa dirishani benki, wanachuo wawili, fundi cherehani. Wengi wanacheza na suruali ya traki chini ya sketi na mtandio umefungwa kwa nyuma, fundo moja la haraka ambalo halifunguki hata ukianguka. Kapteni alikuwa muuza samaki wa feri, mama wa watoto wanne, anacheza C. Alinitazama kuanzia chini kwenda juu, akanivika herufi. "WD. Yule pale," akamnyooshea kidole mhudumu wa benki, "asipumue."

Zile sekunde tatu zilifanya kazi ambayo adabu yetu ya kila siku ilikuwa haijaiweza. Nje ya kiwanja kila mtu ananiita Mwalimu, na mimi nawaamkia waliokuwa wakubwa kwangu, shikamoo, marahaba, za nyumbani, mpaka ziishe zote. Ndani ya kiwanja hakuna nafasi hiyo. Mtu mwenye umri wa mama yangu mdogo anadaka mpira, ananikazia macho na kupiga kelele, "We WD, toka huko! Juu! Niwekee juu!" Na mimi nampigia kelele vile vile. Mpira ukitoka nje tunacheka, mechi ikiisha namwamkia tena. Hakuna aliyemvunjia mwenzie heshima. Lakini mtu uliyeshamfokea jioni na kumwamkia usiku hamwezi kubaki mnatazamana kama mgeni na mwenyeji.

Na WD ni mahali pazuri pa kuanzia ugenini. Hufungi bao, jina lako halitangazwi, hakuna anayekuja uwanjani kukuangalia wewe. Ila WD akikosa umakini WA anapenya, mpira unamfikia GA kwenye ukingo wa duara, na kosa linaonekana kwa wote. Wenzako wanajua thamani yako kwa kuhisi pengo lako. Yule WD aliyekwenda Newala aliporudi alihamishiwa GD, mlinzi wa goli, mimi nikabaki na herufi zangu.

Timu za mtaani Mtwara zinakwenda na kalenda ya korosho, hilo watu wa mikoa mingine hawalijui. Kuanzia Oktoba minada ikianza, nusu ya wachezaji wanakwenda Tandahimba, Newala au Masasi kuokota kwenye mashamba ya familia, au kusimamia mizigo isifike ghala la chama cha msingi ikiwa na unyevu. Mazoezi yanapungua mpaka tunabaki wanne tunapigiana pasi. Lakini pia ndiyo miezi ya fedha: jezi zinanunuliwa, madeni yanalipwa, harusi zinapangwa. Msimu wa 2018, bei ilipozua mgogoro na magari ya jeshi yakaja kusomba korosho maghalani, fedha ilichelewa kufika mikononi mwa watu, na timu iliuhisi mwaka huo kila Ijumaa ya ada.

Ada inanileta kwenye daftari. Timu ya wanawake mtaani si timu ya mpira tu. Ni kikundi cha shida na raha. Anayejifungua anapelekewa kanga na unga wa uji. Anayefiwa, watu wanakwenda na masufuria. Kila jambo lina mchango wake na kila mchango unaandikwa. Baada ya kucheza nao kwa muda, siku moja tumekaa tunavua raba, kapteni akaniwekea daftari mapajani. "Mwalimu ana mwandiko. Kuanzia leo wewe ndiye mwandishi." Aliyekuwa anaandika kabla yangu alicheka, akasema ameponea chupuchupu.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutumwa. Nilibisha hodi Magomeni kufuatilia shilingi elfu mbili za mtu. Nilivuka kwa pantoni kwenda Msangamkuu na sahani za kukodi miguuni mwangu. Niligombana, tena kwa sauti, na fundi cherehani aliyedai amelipa wakati daftari lilisema hajalipa, na tukasuluhishwa na muuguzi kabla ya mazoezi ya kesho yake. Mhenga alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wanautumia msemo huo kumfukuza mgeni mvivu. Mimi nausikia tofauti: siku unayopewa jembe ndiyo siku uliyohesabiwa. Kuna ukarimu wa kumpa mtu chakula, na kuna ukarimu mkubwa zaidi wa kumdai mchango.

Ramadhani ya kwanza nilidhani timu itavunjika kwa mwezi mzima. Mazoezi yalisimama, ndiyo, maana huwezi kumwomba mtu mwenye kiu akimbizane juani. Lakini badala ya kiwanja tulikutana kwenye futari, zamu kwa zamu. Mimi ni Mlutheri, na zamu yangu iliandikwa kwenye orodha kama ya yeyote. Nilipika ndizi kwa nyama kama za kwetu, mama ntilie akaja mapema kunionyesha kukuna nazi upesi na kutengeneza tambi za sukari. Krismasi walikuja wote, na bibi mwenye nyumba akakaa kwenye mkeka pamoja nasi.

Sitasema kwamba nimekuwa Mmakonde. Mwaka ambao binti wa kapteni alichezwa unyago, timu nzima tulishona kitenge cha sare, na mimi ndiye niliyekusanya fedha za kitenge. Siku ya kumtoa mwali nilicheza ngoma mpaka miguu ikaniuma. Lakini zile siku za ndani, za makungwi na mafunzo yao, sikuingia, kwa sababu sikuchezwa. Mhudumu wa benki, Mpare, naye alibaki nje pamoja nami, tukamenya viazi. Hakuna aliyetuomba radhi na hatukuona haja ya kuombwa. Kiwanja chenyewe kimenizoesha: kuna duara ambalo si langu kulikanyaga, na hilo halinitoi kwenye timu. Nadhani watu wengi wanateseka ugenini kwa sababu wanataka waingizwe kila chumba ndipo waamini wamepokelewa.

Kama ni kutaja siku, nitataja bonanza la Lindi. Tulikwenda kwa Coaster ya kukodi, kilomita mia moja na kitu za kuimba, tukapita Mikindani maji yakiwa yamekupwa na mitumbwi imelala kwenye tope. Bonanza lilikuwa la timu za mitaa na sharti lilikuwa moja: mchezaji awe mkazi wa anakotoka. Tukaanza vizuri. WA wao alikuwa mwepesi kama samaki na nilimfuata mpaka akaanza kunilalamikia kwa refa. Robo ya pili haijaisha, mama mmoja wa upande wa pili akasimama kwenye mstari na kunyoosha kidole. "Yule mrefu si wa Mtwara! Msikilizeni anavyoongea! Mmeleta mamluki!"

Mechi ikasimama. Lafudhi yangu ni ya Kagera, sina pa kuificha, na wala sitaki. Refa akaniita, nikawa natafuta la kusema. Sikupata nafasi ya kusema. Kapteni aliingia katikati, mpira kwapani, jasho linamchuruzika.

"Mamluki gani? Huyu anakaa Chikongola. Maji anachota bomba moja na dada yangu. Daftari la timu liko kwake, anatudai sisi wote hapa. Leta mamluki wako wewe anayejua nani hajalipa ada!"

Wachezaji wetu wakaanza kupaza sauti kila mmoja na ushahidi wake: nilimfundisha mtoto wa nani, nilikaa na mgonjwa wa nani, nadaiwa sahani na nani. Fundi cherehani, yule yule tuliyegombana, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Refa alicheka, akapuliza filimbi, tukaendelea. Tulifungwa kwa bao moja. Wakati wa chakula yule mama aliyenituhumu alikuja na sahani yake akakaa karibu yangu, akaniuliza kwa upole Kagera ni mbali kiasi gani, tukaongea mpaka Coaster ikapiga honi.

Kisha Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara maeneo ya Somanga na kusini tukawa tumetengwa na Dar es Salaam. GK wetu, mlinda mlango, alikuwa amempeleka mwanawe kliniki Muhimbili na fedha ya kulala ilikuwa imekwisha. Kapteni alinipigia simu alfajiri. Hakuuliza kama inawezekana. "Mwalimu, kaka yako si yuko Mbagala? Nitumie namba yake. Nimeshamwambia mwenzetu asogee huko Rangi Tatu asubiri." Nikatuma. Kaka yangu aliwahi kunitembelea Mtwara, akala pweza kwa huyo huyo kapteni mpaka akashindwa kusimama, kwa hiyo hakuhitaji maelezo. Mama na mtoto walikaa kwake mpaka njia ilipopitika. Mke wa kaka na GK wetu wanapigiana simu mpaka leo, na mara nyingine habari za ukoo wangu nazisikia kwanza kiwanjani.

Ndiyo maana nasikitika nikiona namna viwanja vya netiboli vinavyochukuliwa. Kiwanja kamili ni mita 30.5 kwa 15.25, kidogo mno ukilinganisha na cha mpira wa miguu. Kinataka nguzo mbili zenye pete mita 3.05 kutoka chini, mpira mmoja na sakafu isiyoteleza. Hata hivyo katika mitaa mingi wanawake wanacheza pale ambapo wengine wamepaacha, na likitokea tamasha nguzo zinang'olewa na kulazwa ukutani. Mwaka 2023 Kombe la Dunia la netiboli lilifanyika Cape Town, mara ya kwanza Afrika. Tulitazama vipande kwenye simu ya muuguzi, vichwa vimegongana. Uganda, majirani wa kwetu Kagera, walimaliza nafasi ya 5. Malawi, majirani wa kusini, nafasi ya 7. Askari magereza wetu aliangalia mpaka mwisho akasema, "Wale hawajatuzidi urefu wala mikono. Wametuzidi mahali pa kuchezea." Nakubaliana naye. Mkuu wa shule mwenye eneo, mwenyekiti wa mtaa mwenye sauti, mfanyabiashara mwenye mifuko ya saruji ya ziada, kila mmoja wao anaweza kuwapa wanawake wa mtaa wake mahali pa kukutana kwa gharama ndogo kuliko kisima.

Sisi bado tuko kwenye mchanga wetu. Msimu wa korosho umeanza, GD yuko Newala, wanachuo wetu wamemaliza masomo na kuondoka, na wiki iliyopita tulicheza watu watano. Kama umepangiwa Mtwara mwaka huu, iwe ualimu, afya, bandari au benki, na jioni inakukuta umefunga mlango, mazoezi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi na nusu, maana saa kumi na mbili hatuonani. Ukifika Chikongola muulize yeyote inapochezewa netiboli. Vaa raba zenye soli bapa, zenye meno zinashika mchanga vibaya. Ada ni kwangu, na daftari nakuja nalo.